Chupa Isiyokauka

Tangu asubuhi mfagizi wa wodi ya watoto njiti alikuwa akipiga deki huku jicho lake likiwa kwenye ile chupa ya kahawia juu ya toroli. Ilikuwa na dawa ya kuua vijidudu, na kila mtoto alipakwa kwanza dawa hiyo kabla ya kuchomwa sindano ya dripu. Miaka sita yeye ndiye aliyeijaza kutoka kwenye dumu, kila ilipofika nusu. Kuiosha, hakuwahi kuambiwa.

Wiki hiyo watoto wawili walikuwa wamekufa. Kwenye kitanda cha nne alilala mjukuu wake, aliyezaliwa mimba ikiwa ya miezi saba, na tangu jana mwili wake ulikuwa unapoa.

"Kina mama, hamnawi mikono!" sista mkuu alifoka. "Mnatuletea uchafu wa majumbani kwenu!"

Binti yake mfagizi, mama wa mtoto huyo, akatazama kucha zake. Mikono ile alikuwa ameisugua mpaka ikachubuka. Mfagizi alimwona, roho ikamuuma.

Miwani, kijana wa maabara, alipopita, mfagizi akamvuta pembeni.

"Mwanangu, usinifiche. Mmekuta nini kwenye damu?"

"Mdudu wa ajabu, mama. Anakaa kwenye maji na unyevunyevu, hata ndani ya dawa ya kuua vijidudu. Mimi na wewe hawezi kutudhuru, lakini njiti..." Akashusha sauti. "Niliandika dawa za wodini zipimwe. Karatasi imerudi: kosa ni la kina mama."

"Nani kaamua?"

"Anayesimamia dawa."

"Ehe! Kesi ya nyani, hakimu ngedere."

Mchana tangazo likabandikwa ukutani: MAMA, NAWA MIKONO. Sista mkuu akamsukumia mfagizi ile chupa.

"Ongeza dawa. Wa kitanda cha nne anabadilishiwa dripu."

"Sista, si tufungue mpya? Zipo kabatini."

"Zile ni za siku ya ukaguzi. Jaza hiyo."

Mfagizi akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Chini, ute mwembamba ulikuwa umeng'ang'ania kioo. Hofu ikamshika, maana mkono uliokuwa ukiijaza miaka yote ulikuwa wake.

Akaiachia. Ikapasuka sakafuni, kina mama wakageuka.

"Wewe! Chupa hiyo ina miaka mingi humu kuliko wewe!"

"Ndiyo maana, sista," alisema, akichukua ufagio. "Sasa fungua kabati."