Sehemu ya Tarehe

Jumatano saa tatu asubuhi, Ludovika alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya josho la Gidabwai, akisubiri simu ya mtu wa tisa ipate chaji. Sola ya stoo ya dawa ilikuwa na tundu moja la waya, hivyo watu walipokezana. Ng'ombe waliokwisha kuogeshwa walisimama pembeni wakichuruzika, na wenyewe walisubiri awawekee programu yake kwenye simu.

Ludovika alikuwa afisa mifugo wa mkataba, miaka ishirini na nane. Alizaliwa kijiji cha Daudi, kule juu Mbulu kwenye baridi na vitunguu saumu, akapangiwa kazi huku chini, ng'ambo ya Balangdalalu, ambako watu wanafuga zaidi ya kulima. Kutengeneza programu za simu alijifunza mwenyewe kwa video, msimu wa masika, barabara zilipokuwa hazipitiki.

Programu aliiita Zizi. Aliyepotelewa na ng'ombe aliandika rangi yake, chapa, alama ya sikio na tarehe aliyopotea, akaweka picha, akatuma. Aliyemwona alibonyeza palipoandikwa "Nimemwona". Duka kubwa la programu lilimkataa kwa sababu hakuwa na kadi ya benki ya aina waliyoitaka. Akapata duka mbadala, dogo, lisilouliza habari za kadi. Hilo lilitaka watu kumi waijaribu programu kila siku kwa siku kumi na nne. Baada ya hapo lingeichapisha.

Alikuwa na tisa. Mmoja wao alikuwa mwalimu Hermani, mtu wa Songea, ambaye hakuwa hata na kuku lakini alikuwa na bando. Wa kumi hakuonekana. Simu za kupangusa zilikuwa zimeisha kijijini.

Ndipo akaja Bibi Yusta, mjane wa miaka sabini na kitu, ameshika chupa tupu ya kuombea dawa ya kupe wa mbuzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nasikia unatafuta watu waliopotelewa na ng'ombe."

"Natafuta watu wa kujaribu programu, bibi. Hata kama hawajapotelewa."

"Mimi nimepotelewa."

Ludovika akatoa mkobani simu yake ya zamani, yenye kioo kilichopasuka, akamwazima. Akamwandikia yeye mwenyewe. Rangi: kijivu, doa jeupe begani la ukubwa wa kiganja. Chapa: mduara uliokatwa na mstari. Sikio la kushoto limekatwa ncha.

"Alipotea lini?"

"Mwezi wa nne. Mwaka wa themanini na sita."

Ludovika hakuwa amefikiria kuzuia miaka ya nyuma. Aliandika, na programu ikakubali. Akafungua daftari la majaribio akaongeza: "Tatizo la saba. Sehemu ya tarehe inakubali mwaka wowote. Kurekebisha."

Ilibaki kuweka picha. Bibi alisema ataipiga nyumbani. Jioni alisimama kwenye boma lake, akapiga picha ya mahali karibu na lango alipokuwa akilala ng'ombe yule, ambapo ardhi ilikuwa bado imebonyea kidogo, na ambapo mbuzi wake walikataa kulala. Akabonyeza "Tuma" kama alivyoelekezwa.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu alipiga simu.

"Mwanangu, amerudi."

"Nani, bibi?"

"Yule uliyemwandika."

"Vizuri. Bonyeza pale palipoandikwa 'Amepatikana'."

Mnyama mgeni akiingia kijijini, afisa mifugo lazima amkague. Ludovika alipanda pikipiki akaenda. Ng'ombe alikuwa amesimama karibu na lango, wa kijivu, doa begani, ncha ya sikio imekatwa. Kwa meno alikuwa na miaka mitano. Kiwele kilikuwa kimejaa.

"Ndama wake yuko wapi?" Ludovika aliuliza.

"Ndama alibaki nyumbani siku walipowachukua. Alilia siku sita, akafa." Bibi Yusta aliingia ndani akatoka na ngozi ndogo, ngumu kama ubao, iliyonyauka kingo. "Nilikuwa naiweka chini ya mto."

Akaiweka chini ya pua ya ng'ombe. Ng'ombe akainusa, akaanza kuilamba, na maziwa yakashuka. Bibi alikamua kibuyu kizima. Ludovika alipomaliza kumchanja chanjo ya ugonjwa wa chambavu na kumvalisha hereni ya utambulisho, alijaza fomu. Penye "Anakotoka" alifikiri kidogo, akaandika "Nyumbani".

Habari yenyewe Bibi aliisimulia wakati anaosha kibuyu. Ng'ombe wao walikuwa thelathini na mmoja. Malisho yao yalikuwa upande wa mlimani, kwenye chemchemi. Likaja Shamba la Matumaini, likalima ngano mpaka kwenye chemchemi, na siku moja walinzi wakakamata ng'ombe wote kwa kosa la kuingia shambani. Mume wake, marehemu Gidamis, aliwafuata kuwaomba. Wakampiga. Mkono wake wa kulia haukuinuka tena mpaka anakufa.

"Alikuwa hawezi hata kujilisha," Bibi alisema. "Nilimlisha mimi, miaka kumi na tisa."

Saa nne ng'ombe wa kijivu alitoka langoni mwenyewe, akashika njia. Hakukimbia wala hakusitasita. Alipita nyuma ya shule, akavuka barabara, akaingia kwenye ngano akielekea chemchemi, njia aliyoijua. Walinzi wa shamba walimkamata kabla hajafika. Mchana shamba lilimuuza, na lori la machinjio likamchukua pamoja na wengine waliokamatwa wiki hiyo.

Jioni Bibi Yusta alimwandika tena, tarehe ile ile. Asubuhi alikuwepo langoni.

Wenzake tisa wa majaribio walisikia. Siku ya tatu karibu wote waliandika ng'ombe wao wa miaka ile, na wa baba zao. Wengine walikumbuka chapa tu, wengine jina na sauti ya kengele, lakini programu ilitaka rangi na sikio, kwa hiyo watu walikwenda kuwauliza wazee wagonjwa na vipofu waliokuwa wanakumbuka. Mwalimu Hermani alijaribu kuandika baiskeli yake iliyoibwa Songea. Programu ilimjibu kwamba alama ya sikio inahitajika.

Kila alfajiri ng'ombe walikuwa langoni. Kila saa nne walikwenda kwenye chemchemi yao, wakakamatwa, wakapakiwa. Kila jioni waliandikwa upya. Watoto wa Gidabwai walianza kunywa maziwa kabla ya kwenda shule, na mashavu yao yakaonyesha. Ludovika alichanja kila asubuhi mpaka dawa ikaisha, kwa maana walirudi bila hereni na bila chanjo, kama walivyokuwa mwaka ule. Katika daftari alirekebisha maandishi yake: "Tatizo la saba. Sehemu ya tarehe inakubali mwaka wowote. Ng'ombe wanarudi. Uzito wa tatizo: wa kati."

Siku ya kumi na tano duka mbadala lilimwandikia. Lilisema wanaojaribu programu yake wanaifungua kila siku bila kukosa, jambo ambalo ni nadra, na kwamba Zizi imekubaliwa. Jumanne ilichapishwa. Joakimu, fundi simu wa pale mnadani, aliibandikia tangazo mlangoni kwake, na wikendi hiyo hata watu wa Nambis, kule juu Mbulu, walikuwa wameipakua.

Jumatatu iliyofuata alikuja Maximilian, meneja wa Shamba la Matumaini. Alikuwa mtu mzima, mpole, kofia mkononi. Ludovika alimkuta amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mifugo.

"Shikamoo, meneja."

"Marahaba, binti. Nimekuja kukushukuru." Akapangusa simu yake kwa kitambaa. "Mimi nipo hapa miaka minane. Sijawahi kuona tunapakia lori kila siku ya Mungu. Nasikia ninyi wa kompyuta mna tabia ya kurekebisha-rekebisha. Hiyo sehemu ya tarehe, nakuomba usiiguse."

"Lakini hao ng'ombe walishakamatwa, meneja. Ni wale wale. Walikamatwa themanini na sita."

"Ndiyo. Na jana, na juzi. Wakiingia leo, ni kosa la leo."

"Wanafuata chemchemi."

"Chemchemi haipo kwenye ramani," alisema Maximilian, bila ukali. Kisha, mbele ya macho ya Ludovika, aliipa Zizi nyota tano, akaandika chini yake: "Inafanya kazi vizuri." Akavaa kofia akaondoka.

Ludovika alikaa na jambo hilo siku mbili. Alikuwa ametengeneza kitu cha kuwasaidia watu, na sasa kila mchana alisikia lori. Siku ya tatu alitengeneza toleo jipya. Lilikataa tarehe yoyote iliyozidi mwezi mmoja nyuma. Faili lilikuwa tayari, limebaki kupakiwa dukani. Lakini alikuwa na desturi ya kutotoa toleo lisilojaribiwa, kwa hiyo alfajiri alikwenda kwa Bibi Yusta.

Alimkuta anakamua. Ng'ombe alikuwa analamba ngozi ya ndama, macho nusu yamefumba. Ludovika alichuchumaa kando, akaeleza yote: meneja, lori, nyota tano, toleo jipya.

Bibi alikamua mpaka mwisho ndipo akajibu.

"Ukifunga hapo, huyu harudi."

"Harudi, bibi. Lakini hawatamchinja tena."

"Walishamchinja." Alimpangusa ng'ombe chuchu kwa upindo wa shuka. "Mimi nilikuwa na miaka thelathini na kitu walipomchukua. Sikumuaga. Sasa namuaga kila siku. Wewe ni Mmbulu, baba yako ana shamba lake, hakuna aliyelipanda ngano. Usinifungie mlango kwa kunihurumia."

"Basi mfunge kamba asiende."

"Anakwenda kwenye malisho yake. Nimfunge kwa kosa gani?"

Ludovika alitoa simu, akalitafuta lile faili, akalifuta. Machozi yalimtoka kidogo, akajifuta kwa mkono uliokuwa unanuka dawa ya josho, macho yakamwasha zaidi. Bibi alimpa kikombe cha maziwa ya moto, akanywa.

Saa nne ng'ombe alitoka. Wote wawili walimwangalia mpaka akavuka barabara. Haukupita muda, pikipiki ikasikika, na Festo, mlinzi wa shamba, mtu wa miaka kama thelathini na mitano, akasimama langoni akiwa na karatasi ya kukamata. Utaratibu ulimtaka ampe mwenye mnyama nakala.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umempata?"

"Amekwishaingia. Mwenzangu anamshika." Akampa karatasi. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali, na midomo yake ilikuwa imekauka kwa vumbi la ngano.

Bibi Yusta aliikunja karatasi akaiweka pamoja na nyingine. Kisha akamimina maziwa kwenye kikombe, akamnyooshea.

"Kunywa," alisema. "Ni ya huyo huyo."

Festo alivua kofia, akapokea kwa mikono miwili. Alikunywa yote bila kupumzika, akapangusa mdomo, akashukuru. Kisha akawasha pikipiki, akageuza, akaenda kumsaidia mwenzake kupakia.