Moto wa Mama Katarina

Katika bonde la Mpimbwe hakuna anayelinda mpunga bila moto. Viboko hutoka mtoni giza likiingia, na kinachowazuia ni moto chini ya dungu, kile kichanja cha mlinzi, na debe linalogongwa mpaka alfajiri. Anicet alilijua hilo. Aliambiwa siku ya kwanza alipokuja kumposa Marsela. Lakini alikuwa mpiga picha wa Mpanda mjini, na mpiga picha akishaitamani picha masikio yake huziba.

Ilikuwa Aprili 1997, na nyota yenye mkia ilionekana juu ya mto kila jioni. Alitaka kuinasa pamoja na bonde zima: kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, lenzi wazi nusu saa, na giza tupu.

"Mama, naomba uzime moto. Nusu saa tu," alimwambia mama mkwe wake.

Mama Katarina alitazama mtoni. Angekuwa mwanawe wa kumzaa, angemkaripia. Lakini mkwe habishiwi.

"Haya, baba," alisema, akafukia makaa, akapanda dunguni.

Anicet akaenda hatua mia moja hivi, akafungua lenzi, akachutama. Vyura walikuwa wakipiga kelele, mara wakanyamaza wote. Hofu ikamshika. Tochi alikuwa nayo mkononi, lakini picha je?

Ndipo akaona kijinga cha moto kikichomolewa majivuni chini ya dungu na kumjia polepole, kikiyumba. Hofu ikageuka hasira.

"Mama, zima! Utaniharibia picha!"

Kijinga kikasimama. "Baba, nimesikia kitu huko kwako, nimekuja..."

"Zima, mama!"

Kikazimika.

Kisha akasikia mpunga ukivunjika, kitu kizito kikipita mbio, na sauti moja fupi ya mwanamke. Mkono wa kulia wa Anicet, kwa mazoea ya kazi, ukafunga lenzi. Wa kushoto, wenye tochi, ukakataa kabisa kuiwasha. Hakuwaza tena picha. Aliogopa tu kuona. Alibaki amechutama hivyo mpaka majirani walipofika na mienge, wakamkuta Mama Katarina ameshakata roho.

Kwenye matanga aliwaambia watu kwamba upepo ulizima moto wa mama.

Wiki tatu baadaye, Mpanda, Marsela alimkuta kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha, picha mbichi ikining'inia kwenye kamba. Ilikuwa nzuri kupita zote alizowahi kupiga. Nyota, mkia wake, bonde. Na chini, kutoka dunguni, mstari mweupe uliokuja ukiyumba kuelekea kamera.

"Huu ni nini?"

"Moto wa mama. Alikuwa anakuja kunionya."

Marsela akaufuata mstari kwa kidole mpaka ulipoishia. "Sasa mbona umekatika ghafla hivi? Kulikuwa na upepo kweli?"

Anicet aliogopa kuliko alivyoogopa kule bondeni.

"Nilimwambia azime," alisema.