Kushuka na Kepteni Mudrik

Wanaosema ndege za siku hizi zinajiendesha zenyewe, waje wakae kiti changu, Dar kwenda Unguja, safari ya tano ya siku. Mashine inakushikia usukani pale ambapo huna kazi. Ukianza kushuka, kazi zimekujaa mikononi, ndipo inapokuja na maswali.

Kepteni Mudrik ni jirani yetu Kikwajuni. Nyumbani humwamkia shikamoo kila tukikutana. Kazini mimi, Tahiya, ni rubani msaidizi wake. Siku ile alikuwa amefunga sita za Mfunguo Mosi, zile za sunna baada ya Ramadhani, na macho yamekuwa mekundu kwa uchovu. Mimi sikufunga, na nilikuwa hoi vile vile.

Tulipoanza kushuka, mnara wa uwanja ukatwambia upepo umegeuka, tutue kwa kutokea kaskazini. Basi kompyuta ilitaka kufundishwa njia upya. Kepteni ndiye aliyekuwa akirusha. Kubonyeza ilikuwa kazi yangu. Lakini si mtu wa kutuma, akainama akabonyeza mwenyewe. Akakosea, akafuta, akaanza tena. Mashine nayo, kwa utiifu wake wa kijinga, ikawa inashuka tu kwa amri ya mwanzo.

"Kepteni, samahani, kimo," nilisema.

"Naam, mwanangu. Nnamaliza."

Mabati ya nyumba za Bububu, chini yetu, yakazidi kukua. Nyuma abiria wengine wamelala, na mimi natafuta maneno ya kumwambia mtu mzima kwamba anakosea. Niliiogopa ardhi, na wallahi nilimwogopa yeye zaidi.

"Kepteni, tuko chini kidogo, samahani."

Hakusikia. Nikaizima mashine, nikashika usukani, nikaziongeza injini nguvu zote.

"Nnarusha mimi!"

Sauti ilinitoka kali kama ya kumfukuza kuku jikoni. Ndege ikapanda. Tukazunguka juu ya bahari, nikatua kwa mkono.

Injini zilipozimwa nikaanza, "Niwie radhi, mzee wangu..."

"Radhi ya nini?" Alinigeukia. "Mara ya kwanza ulinambia kama unanikaribisha chai. Ndege nzima ya watu, na wewe unanistahi!"

Nililia, sikujizuia.

Akafungua mkanda. Kisha akanambia nipige simu ofisini, niseme Kepteni Mudrik kachoka, safari ya sita haiwezi.

"Sema wewe," alisema. "Mimi n'taona haya."