Pamba Masikioni

Kila donge la pamba Mwalimu alikuwa amelipaka mafuta ya mgando kwa mkono wake mwenyewe, ili sauti isipate hata ufa wa kupenyea. Sasa kidato cha nne kizima kilikaa mbele yake, weupe ukichungulia kwenye kila sikio. Walichekana. Walipigiana kelele bila kujijua, wakaulizana "Eee?" na kujibiwa "Eee?", mpaka vicheko vikaanza kupungua na hofu ndogo ikaingia machoni mwao.

Hapo ndipo alipotaka wafike. Ubaoni alikuwa ameandika: *Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.*

Kilikuwa Kipindi cha Kuhisi, ambacho wanafunzi walikibatiza kipindi cha machozi. Mwalimu alikipigania kwa meno na kucha mbele ya walimu wenzake, maana alikuwa bado kijana, damu yake inachemka, na aliamini kuwa huruma hufundishika kama hesabu: unatoa mfano, unawapa zoezi, unasahihisha. Mwalimu wa nidhamu, mzee waliyemwita Chuma kwa kuwa hapindiki, alimcheka asubuhi ile ile.

"Pamba, binti yangu? Hao hata bila pamba hawasikii. Hasa yule Redio wako."

"Wangu tangu lini, mzee? Si leo mchana namleta mbele yenu?"

"Mlete. Nimeshanoa shoka."

Mchana huo kamati ya nidhamu ingekaa, na kijana aliyeitwa Redio angefukuzwa shule, mtihani wa mwisho ukiwa mlangoni. Kosa lake lilikuwa moja, ila alilirudia hadi likachosha: dharau. Ukimwita kwa nyuma, anaendelea na safari yake. Ukimuuliza hili, anajibu lile, tena kwa mzaha. Mkuu wa shule mwenyewe alimwita uwanjani mbele za watu, naye akapita kama aliyeitwa na upepo. Na mdomo wake haukuwa na likizo. Alianza kusema kabla hujamsalimu na kumaliza baada ya wewe kuondoka. Mashtaka aliyaandika Mwalimu. Neno "kiburi" alilipigia mstari.

Sasa alisimama mbele ya darasa, akauliza kwa sauti ya chini kama ya mtu anayeongea na mto wake, "Nani amekunywa chai leo?"

Wanafunzi wakatazamana. Wengine wakakunja nyuso, wengine wakainama mbele.

"Mimi, Mwalimu!" Redio aliruka kutoka dawati la mbele. "Lakini sukari ilikuwa safarini!"

Mwalimu akashusha sauti zaidi. "Shati lako mbona halina kifungo?"

"Kimehama, Mwalimu. Hakikupenda majirani."

Akamuuliza la tatu, midomo ikitikisika tu. Jibu likarudi limekamilika, na kicheko juu yake. Hapo damu ilimpanda Mwalimu kichwani. Kijana huyu hakuwa ameziba masikio! Siku ya hukumu yake, mbele ya somo alilolihangaikia, anathubutu kumfanyia maigizo. Akanyoosha kidole.

"Toa pamba. Nione."

Redio akatii. Madonge mawili yalitoka, manene, yanang'aa mafuta, yamekandamizwa kuliko ya mtu mwingine yeyote. Akayaweka juu ya dawati taratibu, kama anayetua mayai.

Mwalimu aliyatazama madonge yale, hasira haikushuka. Alichukua rula ndefu ya mbao, akatembea hadi nyuma ya kijana. "Simama ukiongea na mimi," alisema. Redio alikuwa ameshawageukia wenzake wa upande wa dirisha, anawaigiza jinsi walivyokuwa wakikodoa macho. "Nimesema simama!" Na hapo akaipiga rula juu ya dawati tupu, kwa nguvu zake zote.

Darasa zima liliruka. Waliozibwa masikio waliruka, kitabu kikaanguka, msichana mmoja wa nyuma akapiga yowe. Pamba na mafuta yake havikufua dafu.

Redio, ambaye masikio yake yalikuwa wazi, hakutikisika. Aliendelea kuigiza.

Halafu akaziona nyuso za wenzake. Tabasamu likabaki mdomoni, ila macho yalianza kutafuta, huku na huku, kama macho ya mtu anayeingia chumba ambacho watu wamenyamaza ghafla. Chini ya dawati, mguu wa msichana aliyekaa naye, yule mpole waliyemwita Kimya, ukamgusa kiatu mara moja. Redio akageuka haraka.

"Nipo, Mwalimu!"

Rula ilimtoka Mwalimu mkononi. Alimtazama kijana, akaitazama ile rula sakafuni, akatazama maneno yake mwenyewe ubaoni, na mwili wote ukamsisimka kama wa mtu aliyegundua kuwa jiwe alilolikalia siku zote linapumua.

Aliwatoa wengine nje. Walibaki watatu: yeye, Redio na Kimya.

"Tangu lini?" aliuliza. Safari hii alimwelekea uso kwa uso.

Redio alitaka kutania; mzaha ulimfika kwenye meno ukarudi. "Tangu homa ya ile likizo ndefu. Ngurumo nazisikia kifuani. Mengine, basi."

"Na kuongea kote huku?"

"Anayeongea haulizwi, Mwalimu."

"Mimi namgusa," Kimya alisema, pamba zake mkononi, macho chini. "Akiitwa, namgusa kiatu. Lakini uwanjani siwezi kumfuata kila mahali."

"Kwa nini hukusema, mwanangu? Utafukuzwa leo!"

Kijana akaangalia pembeni, kisha akakumbuka na kurudisha macho kwenye mdomo wa Mwalimu. "Yule fundi cherehani wa pale getini, asiyesikia. Shule nzima inamwigiza anavyoongea. Siku moja walimwigiza mbele yako. Ulicheka kidogo, halafu ukaziba mdomo kwa mkono. Kwa hiyo sikujua ulisema nini."

Mwalimu naye alikuwa hajui alisema nini. Huenda hakusema kitu.

"Usiwaambie," Redio alisema. "Wakinifukuza kwa kiburi, angalau watanikumbuka kama mwenye kiburi, si kama yule fundi. Niahidi, Mwalimu."

Aliahidi.

Mchana, katika ofisi ya Mkuu, karatasi ya mashtaka ilikuwa mezani, na mwandiko wake ukimwangalia. Mwalimu alivuta kiti akakaa mkabala na Redio. Mkuu alisoma makosa kwa kuinamia karatasi; kijana akaitikia kwa kichwa, kwa kubahatisha. Chuma alisimama dirishani, mikono nyuma, anatazama uwanja.

"Sasa tuambie wewe mwenyewe," Chuma alisema, bado amewapa mgongo. "Mkubwa wako anakuita, unapita. Una nini cha kujitetea?"

Kimya.

"Mnaona?" Chuma aliliambia dirisha. "Ndiyo kawaida yake."

Maneno yalimpanda Mwalimu hadi kwenye ulimi. Akayang'ata. Badala yake, chini ya meza, mguu wake ulinyooka polepole hadi ukakigusa kiatu cha kijana, mara moja tu, huku macho yake yakielekea dirishani.

Redio akamtazama. Mwalimu alifungua midomo kumtengenezea swali bila sauti, lakini kijana akatikisa kichwa. Alimtazama kwa muda, kama anayepima kina cha maji kabla ya kutia mguu. Kisha akasimama, akaugeukia ule mgongo mpana wa dirishani, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikubeba mzaha wowote.

"Samahani, mzee wangu. Naomba ugeuke. Nisipouona mdomo wako, sijui unasema nini."

Kalamu ya Mkuu ilisimama hewani.

Chuma aligeuka. Mdomo wake ulikuwa wazi, na hakuna neno lililokuwa likitoka. Redio aliukazia macho mdomo ule, akasubiri.