Tarumbeta Kabla ya Matangazo ya Vifo

Baba yangu, Mzee Mogesi wa Kemambo, anaweza kukosa ibada lakini matangazo ya vifo redioni hakosi. Saa saba mchana anafungulia sauti hadi mwisho, na majirani wanakuja kusikilizia kwake. Hapo ndipo nilipopanga hila yangu.

Kaka yangu Anold alipelekwa ng'ambo kusomea uhandisi. Akaacha, akajiunga na okestra, maana tarumbeta lilimkaa rohoni tangu bendi ya kanisa. Mwaka wa sita huu baba hataki hata jina lake litajwe. "Mimi sina mtoto wa kupuliza mabomba," anasema. Ni mkaidi, na ukaidi huo nimeurithi. Mwezi uliopita Anold akanitumia sidii waliyorekodi, kazi za mtunzi mmoja Mmarekani. Kwenye karatasi ya ndani jina la kaka yangu limo: tarumbeta la tatu. Nililia. Nikaapa baba atamsikia na kumkubali mwanawe, apende asipende.

Mimi ni mtangazaji wa redio ndogo hapa Mugumu. Nikimtaja Anold, baba atazima. Kwa hiyo saa saba, kabla ya vifo, nikaiweka sidii bila kusema neno. Fidla zikaanza taratibu, nzito, za kutia simanzi.

Nilisahau niko nchi gani. Kwetu redio ikikatisha ratiba na kupiga muziki mzito usio na maneno, ujue mkubwa fulani ametutoka. Dakika ya tatu simu zote zikaita. "Dada, ni nani?" Sokoni wakaanza kufunga vibanda. Mama mmoja pale nje alikuwa analia na hajui anamlilia nani. Bosi wangu, Ngeleja, akaingia mbio, jasho linamtoka.

"Rahabu! Umemuua nani?"

Nikazima, tarumbeta hata halijalia. Nikawasha kipaza sauti. "Wasikilizaji, hakuna aliyefariki. Huo ni muziki wa okestra ya kaka yangu, Anold Mogesi wa Kemambo. Naomba radhi."

Nikajua nimeharibu kabisa. Nimemwaibisha baba mbele ya majirani zake wote, sasa hatamsamehe Anold, wala mimi hatanisamehe.

Simu ikaita tena. Alikuwa baba, ambaye hajawahi kunipigia nikiwa kazini.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Watu wamejaa hapa. Hata jirani Mama Heche amekuja anapiga mayowe." Nikasubiri kugombezwa. "Wameniuliza huyo Anold ni wa nani. Nimewaambia ni wangu."

Nikaivuta ile sidii karibu.

"Sasa mbona umezima? Rudisha mwanzo. Na useme anaingia wapi, nisije nikamsifia mtoto wa mtu mwingine."