Mpaka Mwalimu Anywe

...na uwabariki wavuvi wa Mofu, Bwana, na nyavu zao, anaomba Mzee Tadei katekista, na Domitila amefumba macho kama wengine, kata ya maziwa ya mgando imejaa mikononi mwake, nzito, baridi, harufu ya moshi wa kibuyu inampanda puani, na kichwani hakuna sala, kuna neno moja tu, wamefunga, watoto hawa wamefunga kwa ajili yake... Leo utakunywa, mwalimu, au bado umefunga, ndivyo Mama Mbuke alivyouliza sasa hivi, amepiga goti kwa heshima ya Kisukuma akimkabidhi kata, maana na hawa watoto hawajagusa kitu toka alfajiri, kila siku unayokuja wanafunga, wanasema mpaka mwalimu anywe au aondoke, ndiyo dini, nami nimewaacha, kwani nitawazuia watu wa Mungu? Watoto wakachekeana kwa haya, na Mbuke mdogo, asiye na meno ya mbele, akasema mimi hata maji sijanywa, akajipigapiga kifua, na kabla Domitila hajafungua mdomo Mzee Tadei akasema basi tuombe, watu wakafumba macho, kata ikabaki pale ilipo... na uwabariki wenye homa, Bwana... wala haikuwa Kwaresima siku ile ya kwanza alipopewa kata hapa, wala Ijumaa, ulimi ulijisemea tu, nimefunga, mama, ahsante, uongo mdogo wa kujinasua, akaurudia safari iliyofuata na iliyofuata, kila akija na kitabu chake cha nyimbo, hakujua kwamba uongo ule unashuka hadi kwenye matumbo madogo hivi. Angesemaje? Angesema maziwa haya ni mpunga wa baba yangu? Maana ndivyo anavyoyaona, kule Mchombe, yeye yuko juu ya dungu anaamia ndege, kombeo mkononi, mpunga umeinamisha vichwa, baba Severini amekwisha kusema mavuno haya ndiyo yatakurudisha kidato cha tatu, halafu vumbi, kengele, migongo, ng'ombe wanaingia kama mto uliovunja kingo, yeye anapiga kelele, anawarushia ng'ombe madonge ya udongo yaliyotengwa kwa ndege, kweleakwelea, kufika jioni shamba lilikuwa matope, na baba aliketi kwenye jaruba akishika suke moja kama mtu anayeshika mkono wa marehemu. Walikuwa ng'ombe wa nani? Hakuna aliyejua. Kwa hiyo wakawa wa wote, kila ng'ombe wa bonde hili akawa yule, kila kibuyu kikawa kile... na Rosemery, binamu yake, alicheka mpaka akashika mbavu aliposikia Domitila anaandamana na katekista kwenda kwa wafugaji, ee mmisionari, unakwenda kuwahubiria ng'ombe waliokula shule yako, wabatize kabisa, mmoja umwite Kidato cha Tatu, na Domitila akacheka naye, ila ilimchoma, kwa sababu hata yeye alifikiri mmisionari ni mtu wa ng'ambo mwenye kanzu nyeupe na gari, siyo binti wa dungu, na alikubali kuja kwa sababu tu nyumbani palikuwa kimya mno... na uwakumbuke wasafiri, Bwana, na pikipiki zao, mbona sala ndefu leo, Mzee huyu nyumbani kwake hubariki ugali kwa pumzi moja... kumbe lipo jambo ambalo hajamwambia mtu, hata Rosemery, kwamba juma lililopita akiondoka alimkuta Mbuke zizini, ameshika sikio la ndama, anamfundisha Baba Yetu neno kwa neno, akikosea anarudi mwanzo, ndama anatafuna tu, na Domitila alisimama nyuma ya miiba moyo ukimjaa hadi kooni, hajawahi kupata furaha ya namna ile, hata siku alipofaulu la saba, halafu akaionea aibu furaha yenyewe, furaha gani hii kwa watu hawa, ndipo akaamua leo wakirudi kwa mtumbwi atamwambia Mzee, mimi siji tena, shikamoo na ahsante. Aliikimbia furaha, basi? Na kwenye Baba Yetu, pale pa kusamehe, huwa anapapita mbio, watoto wanadhani ndivyo panavyosemwa, nao wanapapita mbio, wanamfuata katika kila kitu, Mungu wangu, katika kila kitu, amewafundisha njaa yake na wameipokea kama neema... tumbo la Mbuke linanguruma hapo mkekani, wote wamelisikia, mtoto anajizuia kucheka. Domitila anafumbua jicho. Mzee Tadei naye jicho moja liko wazi, linamtazama yeye, limetulia, wala halikaripii, na midomo inaendelea, na mvua, Bwana, ya wastani, na kuku wa mama huyu... anamngoja, kumbe anamngoja, atabariki hata mawe ya bonde hili mpaka yeye awe tayari. Atamwambia Mama Mbuke, sikuwa nimefunga, mama, nilikuwa na hasira, na mama atacheka au atakasirika, na atamwambia habari ya mpunga pia, siyo kumdai, amjue tu, kisha juma lijalo atarudi, wataanza upya pale pa kusamehe, polepole, yeye akiwa mwanafunzi wa kwanza. Baba hajapata mpunga wake. Shule haijarudi. Na bado kitu kile cha zizini kimeanza tena kumpanda kifuani, safari hii yeye hakifukuzi... kata iko palepale, imejaa, Mzee ameanza kuwaombea bata, na Domitila kwa mara ya kwanza leo anaomba, kwa moyo wote, sema amina, Mzee wangu, sema amina upesi, watoto wana njaa.