Kimeza cha Chai

Mkuu wa maabara, mjuaji asiyeambilika, aliamuru kompyuta kuukuu ikatupwe, maana mafaili yote ya vipimo yalishanakiliwa kwenye mpya. Mama Vipimo, mtaalamu wa maabara, akamwonya kwamba mpya haitaweza kuyasoma.

"Mama, umezeeka pamoja na mashine yako," akamcheka.

Mama akaibeba mashine akatoka nayo. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Mwaka uliofuata wakaja wakaguzi kutaka vipimo vya zamani. Kompyuta mpya ikatapika vialama visivyosomeka. Mkuu jasho likamtoka, akakimbilia chai yake, pale kwenye kimeza chenye kitambaa cha maua alipokuwa akiandaliwa na Mama Vipimo kila asubuhi.

"Ile ya zamani mliitupa wapi?" mkaguzi akauliza.

"Bosi," Mama Vipimo akasema kwa upole, "hebu inua kikombe chako nitoe kitambaa."